Kiongozi wa Bendi na Watu wa Kipande: Salum Abdallah na Nyanda za Buha

Hapana aandikaye juu ya muziki wa dansi wa Tanganyika awezaye kulipita jina la Salum Abdallah wa Morogoro. Hutajwa kwa sauti yake, hutajwa kwa tungo zake, na hutajwa kwa bendi aliyoiunda na kuiongoza mpaka alipofariki. Jambo litajwalo kwa nadra ni kwamba bendi haiishi kwa sauti ya kiongozi peke yake. Huishi kwa kiingilio kilipwacho mlangoni, kwa sahani za santuri zinunuliwazo dukani, na kwa watu ambao, baada ya kazi ya juma zima, wana senti mkononi na hamu ya kucheza. Katika miaka ya 1950 senti hizo, katika miji kama Morogoro na Tanga, zilitokana kwa sehemu kubwa na mkonge. Na mkonge ulikatwa na watu waliotoka mbali. Miongoni mwao walikuwa Waha wa nyanda za juu za Kigoma, katika nchi ambayo leo ni wilaya za Kasulu na Kibondo, pamoja na Buhigwe na Kakonko zilizomegwa kutoka kwazo mwaka 2012. Maisha ya Salum Abdallah yakisomwa sambamba na safari za watu hao, historia ya bendi hubadilika sura. Huwa ni historia ya kazi na ujira pia, na ya nchi iliyotoa vijana wake ili miji ya mbali istawi.

Buha ni nchi ya vilima na majani, yenye hewa ya baridi kuliko mwambao wa Ziwa Tanganyika ulio chini yake. Zamani iligawanyika katika tawala kadhaa, kila mmoja chini ya Mwami wake: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu kaskazini zaidi, na nyinginezo. Ng'ombe walikuwa mali na heshima, jembe lilikuwa riziki, na starehe ya watu ilikuwa ngoma na inanga, chombo cha nyuzi kijulikanacho pia Burundi na Rwanda. Lugha ya nchi ni Kiha, nduguye Kirundi. Kiswahili kilikuwa lugha ya Ujiji na ya misafara ya biashara. Kwa Mha wa vilimani kilikuwa lugha ya safari.

Mambo mawili yaliitia nchi hiyo katika njia mpya. La kwanza ni reli. Wajerumani waliifikisha reli yao ya kati Kigoma mwezi wa Februari mwaka 1914, miezi michache tu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. La pili ni kodi. Wabelgiji waliitwaa Kigoma mwaka 1916 na kuishika nchi mpaka 1921. Kisha Waingereza wakaipokea. Watawala walibadilika, lakini kodi haikuondoka, nayo ilitakiwa ilipwe kwa fedha. Fedha hazikuwa rahisi kupatikana Buha. Reli ilipita kusini, mbali na Kibondo, na mazao ya kuuza yalikuwa machache. Katika miaka ya 1930 ugonjwa wa malale uliongeza taabu, na serikali ikawakusanya watu wengi wa nyanda hizo katika makazi makubwa ili kuwaepusha na mbung'o. Basi mwanamume aliyetaka kulipa kodi, kununua nguo, au kutafuta mahari, hakuwa na budi kushuka vilima na kulifuata garimoshi.

Huko alikokwenda kulikuwa na mmea ambao nao ulikuwa mgeni nchini. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida, Marekani, ipitie Hamburg. Iliyofika Pangani ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yalizaliwa mashamba makubwa ya Tanga, Korogwe, Morogoro, Kimamba na Kilosa, na Tanganyika ikawa ya kwanza duniani katika katani. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 mashamba hayo yalikuwa yameajiri watu zaidi ya 100,000. Wenyeji wa pande hizo hawakuipenda kazi ile, kwani walikuwa na mashamba yao na njia nyingine za kupata fedha. Wenye mashamba wakawatafuta watu wa mbali; na mwaka 1944 wakaanzisha ofisi ya pamoja ya kuandikisha wafanyakazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Buha ikawa moja ya visima vyake vikuu.

Aliyeandikishwa alipewa namba, na kutokana na namba hiyo Kiswahili kikapata neno jipya: manamba. Alipewa pia kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, nazo alitakiwa azimalize katika muda wa siku 42. Siku isiyotiwa alama haikulipwa. Mtu aliyejulikana kwao kwa jina la baba yake na la kilima chake, huku alijulikana kwa tarakimu. Kutoka Kigoma mpaka Morogoro ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa reli, na kabla ya hapo mtu wa Kibondo alikuwa amekwisha kwenda njia ndefu kuifikia stesheni. Kambini alilala na Mrundi, Mnyamwezi, Mmakonde na Mbena. Wote hao hawakuwa na lugha ya pamoja ila Kiswahili, wala hawakuwa na ngoma ya pamoja ambayo mmoja angeweza kuicheza bila ya mwingine kujiona mgeni.

Katika mji uliozungukwa na mashamba kama hayo ndimo alimozaliwa Salum Abdallah mwaka 1928. Baba yake alikuwa Mwarabu, mama yake Mluguru. Na kutokana na jina lake kamili, Salum Abdallah Yazidu, wapenzi wake walimwita kwa herufi tatu za mwanzo, SAY. Mtoto wa mji wa reli husikia mambo mapema. Kampuni ya santuri ya Kiingereza ilikuwa imeanza mwaka 1933 kuleta Afrika sahani zenye alama ya herufi G na V, ambazo nyingi zilikuwa za muziki wa Cuba. Maarufu kati yao ilikuwa ile ya muuza njugu, iliyopigwa na bendi ya Don Azpiazu huko New York mwaka 1930. Maneno yake yalikuwa ya Kihispania, ambayo hapana mtu Morogoro aliyeyafahamu, lakini mdundo wake haukuhitaji mkalimani. Asili yake kwa sehemu kubwa ilikuwa Afrika, ukachukuliwa katika merikebu za watumwa, ukarudi katika sahani. Husimuliwa kwamba Salum, alipokuwa kijana, alitoroka nyumbani kwa nia ya kwenda Cuba kwenyewe, na safari yake ikaishia Mombasa.

Hata hivyo Cuba aliyoikosa kwa bahari aliijenga kwa mikono. Mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka 20, aliunda bendi na kuiita La Paloma, kwa jina la wimbo uliotungwa katika karne ya 19 na Mhispania Sebastián Iradier, wimbo uliozunguka dunia nzima, na hata Ujerumani ukawa kama wimbo wa mabaharia wa huko. Baadaye bendi ikachukua jina lililodumu, Cuban Marimba. Mjini mwake hakuwa peke yake. Morogoro Jazz ilikuwapo tangu mwaka 1944, na mashindano baina ya bendi hizo mbili yaliufanya mji mdogo chini ya milima ya Uluguru kuwa mji mkuu wa dansi, usioionea haya Dar es Salaam.

Yafaa kuitazama kazi ya kiongozi wa bendi jinsi ilivyokuwa wakati huo, maana neno hilo laweza kumdanganya msomaji wa leo. Bendi za Tanganyika ya miaka ya 1940 na 1950 zilikuwa vyama kabla ya kuwa biashara. Zilirithi desturi hiyo katika beni, ngoma iliyozuka pwani mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za jeshi za Wazungu, ikaenea bara pamoja na askari na makarani. Vikundi vya beni, kama vile Marini na Arinoti, vilikuwa na vyeo, sare, michango, na ada ya kusaidiana katika ugonjwa na maziko. Vyama vya dansi vikachukua utaratibu huo. Vyombo vilikuwa mali ya chama. Mpigaji aliyeondoka aliondoka mikono mitupu. Wanamuziki wengi walikuwa na kazi nyingine mchana, na dansi lilikuwa la usiku na la mwisho wa juma.

Kiongozi katika hali hiyo alikuwa mtu wa kazi nyingi. Alitunga na kuimba. Alifundisha wapigaji na kuwapatanisha walipogombana. Alitafuta ukumbi, akahesabu kiingilio, akafikiri juu ya nyuzi zilizokatika na ngozi za ngoma zilizopasuka. Alikuwa kama nahodha wa jahazi ambaye pia ndiye seremala wake. Salum Abdallah aliyabeba hayo kwa muda wa miaka 17. Bendi nyingi za wakati ule ziliishi mwaka mmoja au miwili kisha zikavunjika, kwa kuwa mtu mwenye sauti nzuri si lazima awe na moyo wa kuvumilia watu. Katika kudumu kwa Cuban Marimba ndimo unamoonekana uongozi wake kwa dhahiri kuliko katika wimbo wowote mmoja.

Jambo la pili aliloliamua kama kiongozi lilikuwa la lugha. Baadhi ya bendi za Afrika zilizopenda muziki wa Cuba ziliimba kwa maneno ya Kihispania yasiyo na maana, ilimradi sauti ifanane na ya sahani. Salum aliuchukua mdundo akauacha ulimi. Aliimba Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha watu wa mji: chepesi kufahamika, chenye mzaha wa mashemeji, mashauri ya ndoa, na mafumbo ambayo mtu wa pwani alijua yametoka katika mashairi. Tungo zake kama *Ngoma Iko Huku* na *Shemeji Shemeji* zilisikika na kueleweka na mtu wa kabila lolote aliyekuwa amekaa mjini au kambini muda wa kipande kimoja au viwili. Mtunzi aliyekuwa na mama Mluguru angeweza kuimba Kiluguru na kupendwa na wenyeji. Lakini mji wake haukuwa wa wenyeji peke yao. Kwa mtu wa Buha aliyekuwa katika mashamba ya mkonge, wimbo wa Kiswahili wa namna hii ulikuwa mlango: hapo hakuwa tarakimu, wala hakuwa mgeni katika ngoma ya wengine. Ngoma ilikuwa ngeni kwa wote sawasawa, na kwa hiyo ikawa ya wote.

Sauti hiyo haikubaki Morogoro. Cuban Marimba ilipiga sahani nyingi, na kati ya waliozitoa walikuwa wafanyabiashara wa Mombasa waliokuwa na alama ya Mzuri. Mwaka 1951 palianzishwa redio ya Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 ikawa shirika la utangazaji la Tanganyika. Na mwaka 1965 ikaitwa Radio Tanzania. Kwa njia hizi mbili, sahani na redio, wimbo uliweza kuipanda reli kwa upande wa pili. Mtu aliyemaliza mkataba wake alirudi Kasulu au Kibondo na blanketi, nguo, taa, pengine baiskeli. Na aliyekuwa na akiba zaidi alirudi na santuri. Baadaye zikaja redio za betri. Hivyo nyanda ambazo hazikuwa na reli wala ukumbi wa dansi wa kulipia kama ule wa Morogoro, zilipata kusikia bendi ya Morogoro. Kiswahili pia kilipanda vilima kwa njia hiyo, mbali na njia ya shule na ya misheni: kilirudi kinywani mwa manamba, kikiwa na nyimbo ndani yake.

Hapa ndipo penye jambo la kupima. Nchi ya Buha ilitoa nguvu. Nguvu hiyo ilizaa katani. Katani ilizaa mishahara, maduka na vilabu. Na vilabu vililea bendi. Kilichorudi Buha kilikuwa sahani. Sahani ni kitu cha thamani, lakini haifundishi kijana kupiga gita kama afundishwavyo na bendi iliyo mtaani mwake, wala haiachi kiingilio mlangoni pa mtu. Majina ya bendi yanashuhudia jambo hilo. Mwaka 1955 iliundwa Tanga bendi iliyoitwa Young Nyamwezi, ambayo baadaye ikawa Jamhuri Jazz. Jina lake la kwanza lilitoka kwa watu wa magharibi, makao yake yalikuwa penye mkonge. Mwaka 1959 Iddi Nhende, mtu wa Nzega, aliunda Western Jazz, bendi iliyokuja kujulikana kwa mtindo wa saboso. Western ni Jimbo la Magharibi, ambalo chini ya Waingereza lilikuwa na makao yake makuu Tabora, na ndani yake zilikuwamo Kigoma, Kasulu na Kibondo. Lakini bendi yenye jina la magharibi ilipiga Dar es Salaam, mashariki kabisa. Watu wa magharibi waliujenga muziki wao pale ulipokuwapo ujira wao.

Desturi hiyo iliendelea hata baada ya uhuru. Shem Karenga, mzaliwa wa Kigoma aliyefariki mwaka 2014, alianza katika Lake Tanganyika Jazz mjini kwake. Lakini jina lake lilienea nchini alipokuwa amekwenda Tabora na kuimba katika Tabora Jazz, kwa utungo kama *Dada Asha*. Kigoma ilikuwa na bendi kwa kuwa ilikuwa na reli, bandari na mshahara. Hata hivyo kipaji chake kilipanda gari kuelekea mashariki. Nyanda za juu zilikuwa nyuma zaidi ya hapo, zikiitazama Kigoma kama Kigoma ilivyoitazama Tabora.

Ili mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya nchi maskini peke yake, yafaa kulinganisha na Ulaya. Katika miaka hiyohiyo kiongozi mkubwa wa bendi ya jazi katika Ujerumani Magharibi alikuwa Kurt Edelhagen, aliyezaliwa Herne, katika nchi ya makaa ya mawe, mwaka 1920, na kufariki Köln mwaka 1982. Bendi kubwa ya namna yake, yenye safu za tarumbeta, trombone na saksofoni, ni ghali kuliko bendi yoyote ya dansi. Kiingilio cha mlangoni hakiwezi kuilisha. Edelhagen alilifahamu hilo mapema. Aliiweka bendi yake chini ya redio: kwanza Nürnberg, kisha Baden-Baden tangu 1952, na tangu 1957 katika redio ya Köln, ambako alikusanya wapigaji kutoka nchi nyingi za Ulaya, na kutoka Marekani pia. Redio za huko zililipiwa ada na kila nyumba yenye redio. Kwa hiyo mtu wa kijijini ambaye hakupata kamwe kuingia ukumbini Köln alikuwa amekwisha kulipa fungu lake, naye alipata fungu lake kila bendi iliposikika hewani. Mwaka 1972 bendi hiyo ilipiga muziki wa kuingilia wanamichezo katika ufunguzi wa Olimpiki mjini München. Na mwaka huohuo mkataba wake na redio ukaisha. Msaada ulipoondoka, bendi ile haikupata tena nguvu yake ya kwanza, ingawa kiongozi alikuwa yuleyule na ujuzi wake uleule.

Mafunzo ya maisha hayo mawili yako karibu. Salum alitegemea mlango na duka. Edelhagen alitegemea redio. Wote wawili walikuwa mafundi, na wote wawili kazi yao ilisimama juu ya fedha za watu wasiowajua. Tofauti ni kwamba msikilizaji wa kijijini katika Ujerumani alihesabiwa katika daftari la redio kama mlipaji, lakini mtu wa Kasulu aliyekata mkonge hakuhesabiwa popote kama mlezi wa muziki. Alihesabiwa katika kipande tu.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, jambo la nani ailipe bendi lilianza kutazamwa upya. Mwaka 1964 vyama vya wafanyakazi viliunganishwa kuwa kimoja, NUTA, nacho hakikuchelewa kuwa na bendi yake, NUTA Jazz, ambamo mwanamuziki alikuwa mwajiriwa wa kupokea mshahara kila mwezi. Mashirika mengine, jeshi na polisi vikafuata njia hiyo. Ni utaratibu unaokaribiana na ule wa Köln: fedha za wengi, zilizokusanywa na chombo kimoja, zinaajiri bendi. Salum Abdallah aliuona mwanzo wake tu. Mwaka huohuo nchi ilipata jina jipya baada ya Muungano, naye akatunga *Wanawake wa Tanzania*, utungo ambao kwa jina lake pekee unaonyesha kuwa ni wa miezi yake ya mwisho. Mwaka 1965 alifariki kwa ajali ya gari. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Bendi haikufa naye. Juma Kilaza alishika uongozi wa Cuban Marimba na kuendelea na mashindano ya mji dhidi ya Morogoro Jazz, ambayo kwa wakati huo ilikuwa imempata kijana Mbaraka Mwinshehe. Kuweza kufa kiongozi na bendi ikaendelea ni ushahidi mwingine wa kazi aliyoifanya Salum: aliacha nyuma chama chenye mizizi, na vijana waliokwisha kuijua kazi. Lakini udongo ambamo mizizi hiyo ilisimama ulikuwa umeanza kukauka. Tangu katikati ya miaka ya 1960 bei ya katani ilishuka katika soko la dunia, kwa kuwa nyuzi za viwandani zilianza kuchukua nafasi yake. Mashamba yakapunguza watu, na uandikishaji wa mbali ukafifia mpaka ukakoma. Manamba wa Buha wakarudi kwao, au wakabaki na kuwa wenyeji wa Tanga na Morogoro, ambako watoto wao wengi walikua wakisema Kiswahili kuliko Kiha.

Kwa mwanafunzi wa historia, mambo haya yana uzito kwa sababu mbili. Kwanza, yanaonya juu ya namna maisha ya wanamuziki yanavyoandikwa. Ni rahisi kumweka Salum Abdallah peke yake jukwaani, mwenye kipaji kilichotoka mbinguni na mapenzi ya Cuba yaliyotoka katika sahani, kisha kusahau kwamba mji wake ulikuwa kituo cha reli katikati ya mkonge. Kipaji kilikuwa chake. Nafasi ya kukitumia ilitengenezwa na watu maelfu. Pili, yanairudishia Buha sehemu yake katika historia ambayo kwa kawaida haitajwi ndani yake. Kasulu na Kibondo husomwa vitabuni kama nchi ya malale, ya kodi na ya watu wa kazi. Husomwa pia, kwa miaka ya karibu zaidi, kama nchi ya kambi za wakimbizi kutoka Burundi na Kongo. Ni mara chache kusomwa kama nchi ya watu walioshiriki kuutengeneza muziki wa taifa, hata kwa njia ya jasho na masikio yao.

Watu waliokata mkonge kabla ya uhuru wamebaki wachache sana, na waliobaki ni wazee wa miaka mingi. Walichokisikia usiku wa mwisho wa mwezi, baada ya kipande kujaa, hakimo katika hesabu za mashamba wala katika orodha za wenye maduka ya sahani. Kimo katika kumbukumbu zao na za watoto wao, katika Kiswahili walichokipandisha vilimani na katika nyimbo ambazo bado wanazitambua kwa mstari wa kwanza wa gita. Mwenye kutaka kuiandika historia ya Cuban Marimba kwa ukamilifu hana budi kuanza Morogoro, kwa kuwa ndiko alikozaliwa kiongozi. Lakini akiishia hapo ataandika nusu tu; nusu ya pili iko mwisho wa reli, na kutoka hapo ni kupanda.